Kadhi wa hedifoni na chumba chake kimya

Wauza samaki wa baiskeli hawajaanza kupiga honi zao za mpira, na fundi wa kuchomelea vyuma aliye nyumba ya tatu bado anakunywa chai. Hii ndiyo saa anayoipenda Abrahamu Nehemia. Ameketi juu ya kigoda katika chumba cha mbele cha nyumba ya zamani hapa Ngamiani, jijini Tanga. Hedifoni nyeusi zenye mito iliyochakaa zimefunika masikio yake, na mkono wa kulia uko kwenye kitufe cha amplifaya ndogo aliyoiunda mwenyewe ndani ya kisanduku cha mninga.

Anazungusha kidogo, anaacha. Anafumba macho. Anakunja uso kama mtu aliyeonja mchuzi uliozidi chumvi.

"Hawa hawajapatana," anasema akizivua. "Hedifoni nzuri, amplifaya nzuri, lakini nyumba moja hawakai. Mume ananguruma tu, mke hasikiki."

Anachomoa waya na kuuchomeka kwenye amplifaya ya pili, pana zaidi, yenye transfoma iliyotolewa kwenye redio ya mbao. Anaisubiri ipate moto. Wimbo unaanza upya, taarabu iliyorekodiwa ukumbini kabla yeye hajazaliwa. Safari hii mabega yanashuka.

"Haya. Sasa namsikia mpiga fidla akivuta pumzi. Hii ndiyo ndoa."

Kwa kazi hii ya kuzikutanisha hedifoni na amplifaya zinazofaana, majirani wamempa cheo ambacho hakukiomba. Wanamwita Kadhi. Ni utani wa Tanga huo, maana Abrahamu ni Mlutheri wa kuzaliwa, na Jumapili anaimba besi kwenye kwaya.

"Wakinipitia wananiuliza, 'Kadhi, leo umefungisha ngapi?' Nawajibu nimefungisha moja, nimetoa talaka tatu," anasema na kucheka hadi hedifoni zinaanguka shingoni.

Abrahamu ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge wilayani Muheza, ambako wazazi wake walishuka kutoka milima ya Lushoto kutafuta kibarua. Ufundi wa redio alijifunza hapa mjini kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa akimpiga vidole kwa bisibisi kila alipounguza waya. Alipojitegemea alipanga chumba hiki kwa mzee Thuwaini, mfanyabiashara wa tende na viungo, ambaye ukoo wake ulitoka Omani zamani za mababu. Mpaka leo hajahama.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa redio mbovu na spika kubwa za harusini. Hedifoni alikuwa akizikuta kwenye mabelo ya mitumba, zimebanwa katikati ya makoti ya baridi na viatu visivyo na wenzake. Watu walizijaribu kwenye simu, wakasikia sauti kama inatoka kijiji cha pili, wakazitupa.

"Hata mimi nilizitupa, usidhani," anasema. "Jozi ya kwanza niliitundika kwenye msumari mwaka mzima, nikaikata waya wake nikafungia redio ya mtu. Kumbe nilikuwa nimekata dhahabu."

Anaeleza somo lake bila kuliremba. Ziko hedifoni nyepesi, na ziko nzito. Nyepesi hata simu inazisukuma. Nzito, zile ambazo ukinzani wake wa umeme ni omu mia tatu, simu inazinong'oneza tu, kwa hiyo zinataka amplifaya yenye msuli. Lakini usikimbilie msuli. Ukizipa nyepesi amplifaya ya nguvu, utasikia mvumo kama wa mafuta ya kukaangia hata wimbo haujaanza. Na ziko amplifaya zenye ukinzani mkubwa kwenye tundu la kutolea sauti, ambazo zikikutana na hedifoni nyepesi besi inavimba na sauti ya mwimbaji inazama.

"Bei haikwambii kitu," anasema. "Nimeona za ghali mbili zikigombana mchana kutwa."

Mwinyijuma, karani mstaafu wa bandari anayeishi Kigombe, alikuja hapa mara ya kwanza kwa shari. Mwanawe ambaye ni baharia alimletea hedifoni kubwa kutoka ng'ambo, naye akazichomeka kwenye simu na kuambulia patupu.

"Nilikuja nimefura," anasimulia Mwinyijuma, ambaye leo amefika na kikapu chenye pweza mkavu, zawadi ya fundi. "Nikasema mwanangu katapeliwa huko Ulaya, zimekufa hizi. Fundi akazipokea, akanambia, 'Mzee wangu, hazijafa. Zina njaa.' Nikaona huyu mwendawazimu."

"Kisha?"

"Kisha akanikalisha hapo, akaninyima muziki! Nimetoka Kigombe na vumbi langu, naambiwa nikae kimya masikio yapoe."

Ndivyo kazi inavyokwenda hapa, na mwenye haraka huondoka amenuna. Mteja akitoka barabarani hukalishwa kwanza bila kusikiliza chochote, kwa sababu Abrahamu anaamini sikio lililotoka kwenye honi ni sawa na ulimi uliotoka kwenye pilipili. Kisha mteja hutakiwa kutoa wimbo wake mwenyewe. "Usije na wimbo mzuri," huwaambia. "Njoo na wimbo unaoujua." Na hakuna anayeruhusiwa kuchagua siku ya kwanza.

"Siku ya kwanza mtu huchagua inayopiga kelele," anaeleza. "Akifika kwake, nyimbo mbili tu, kichwa kinamgonga. Mimi nataka aniletee malalamiko kabla hajalipa."

Mwinyijuma alirudi mara tatu. Mara ya tatu alilia, jambo ambalo mwenyewe analikanusha kwa nguvu zote. "Vumbi," anasema. "Vumbi la barabara ya Kigombe." Fundi anamtazama kwa pembe ya jicho.

Mwandishi wa makala haya, ambaye hedifoni zake ni za kununua dirishani mwa basi, naye anakalishwa, anapoozwa masikio, anavalishwa. Kinachokuja hakina kishindo. Kwanza unafikiri mlango umefunguliwa na kuna watu wameingia chumbani. Mpiga ganuni yuko kushoto kidogo, nyuma yake mtu anakohoa, na mwimbaji yuko karibu kiasi kwamba unaona haya kumtazama. Mwandishi alizivua akageuka nyuma kuangalia, na wenyeji wakafurahi sana.

Kwa mwezi Abrahamu hufungisha jozi nne au tano, na amplifaya moja huiuza kati ya shilingi elfu themanini na laki mbili. Si utajiri. Redio mbovu bado ndizo zinazonunua unga nyumbani kwake, na mkewe Jenifa anauza maandazi. Lakini wapo wateja wanaotoka Pangani na Korogwe kwa ajili ya hedifoni tu, na daktari mmoja hushuka kutoka Amani kila akipata likizo. Abrahamu anasema hajawahi kuipenda kazi yake kama anavyoipenda sasa, na ukimwona unamwamini.

Siri ya kazi hii, anasema, ni chumba. Kuta za nyumba hii ni za mawe na chokaa, unene wake unakaribia dhiraa. Ukifunga mlango, Ngamiani yote na makelele yake inabaki nje.

"Mvumo mdogo wa amplifaya unausikia kwenye kimya tu," anasema. "Ukinitoa humu, mikono nitaondoka nayo. Masikio nitayaacha."

Hayo hayasemi kwa kupamba. Leo, wakati mwandishi akiwa hapa, ndani ya nyumba hii hii warithi wa mzee Thuwaini wamekaa na sheikh wa mtaa kugawana mirathi. Na Marwan, mtoto wa kiume wa marehemu ambaye ana duka jijini Dar es Salaam, alishasema wazi kwamba chumba cha mbele anakihitaji afungue duka la manukato na kanzu.

"Hakunificha," anasema Abrahamu. "Alikuja akaniambia, 'Fundi, siku tukigawana, hiki cha mbele nitakiomba mimi.' Ni haki yake. Nyumba ya baba yake."

Kwa hiyo Abrahamu alizunguka kutafuta kwingine. Alipata kimoja karibu na soko, cha bati, jirani yake mashine ya kusaga. Alibeba amplifaya na hedifoni akaenda kukijaribu. Alikaa humo akasikiliza, na hakuweza kutofautisha mvumo wa amplifaya na wa mashine. Alirudi nyumbani, Jenifa akamuuliza habari za chumba, yeye akaomba maji ya kuoga.

Ili kuelewa kinachoendelea ndani leo, inabidi kurudi mwaka juzi, mwezi wa Rajabu, mzee Thuwaini alipofariki.

Mzee huyo na mpangaji wake walikuwa na desturi yao. Chumba cha kulala cha mzee na mkewe, Bimdogo, kinapakana na karakana. Abrahamu alipokuwa akijaribu spika kwa sauti kubwa, muziki ulipenya ukutani kwa mbali. Mzee akiupenda wimbo, aligonga ukuta mara mbili, na fundi aliurudia. Yakhe, hivyo ndivyo walivyozeeka pamoja, kila mtu upande wake.

Mzee alipozikwa, Bimdogo aliingia eda. Kwa Waislamu, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, wala hakutani na wanaume wasio maharimu zake. Majirani nao hupunguza sauti za redio, maana si adabu kupiga muziki mlangoni kwa mfiwa.

Abrahamu, ambaye ukuta wake ndio ukuta wa mjane, aliona kupunguza hakutoshi. Akanyamaza kabisa. Spika zote alizifunika mashuka. Redio alizitengeneza kwa kuzisikiliza kupitia hedifoni, na wateja aliwaomba waseme chini. Hata nyundo aliifunga kitambaa.

"Nilisema, huyu mama amefiwa, mimi ni Mkristo na mgeni katika nyumba yake. Asije akasema Abrahamu hakumheshimu mumewe," anasema.

Hapo ndipo ndoa zake zilipoanza. Akiwa amefungiwa na hedifoni kutwa kucha, alianza kuzisikia tofauti zake. Alizitoa zilizokuwa misumarini, akaunda amplifaya ya kwanza, akaikosea, akaunda nyingine. Wateja waliokuja kuchukua redio zao walimkuta ametabasamu peke yake, wakataka kujua anasikia nini. Mpaka eda inakwisha, benchi lake lilikuwa na foleni ya watu waliokaa kimya, na mpita njia aliyechungulia alidhani wanasubiri sindano.

Upande wa pili wa ukuta mambo yalikuwa mengine.

"Mimi nilikuwa nakufa kwa kile kimya," anasema Bimdogo mwenyewe, ambaye alizungumza na mwandishi asubuhi uani kabla kikao hakijaanza, kanga mpya kichwani na binti yake Wijdan pembeni. "Siku zote nimezoea ule muziki wake. Mume wangu kafa, na muziki nao ukafa siku ileile. Nasikia mlango wake walia, nasikia akohoa, lakini kazi sisikii. Nikasema, lo! Marwan kamkataza mtoto wa watu kazi, naye hana pa kwenda, anakaa tu humo ndani."

Kwa nini hakumtuma Wijdan akaulize?

Bimdogo anamtazama mwandishi kama mtu aliyeulizwa bei ya hewa. "We baba, mjane yumo edani ati aulizia mbona muziki haupigwi? Tanga hii? Wangenizika na mimi!"

Basi akanyamaza kwa kuona haya, na fundi akanyamaza kwa heshima. Miezi minne na siku kumi, kila mmoja akimhurumia mwenzake kupitia ukuta.

Alipotoka eda, mwezi wa Mfungo Pili, ameoga na kuvaa vizuri, jambo la kwanza alilofanya baada ya dua na kuwaaga wageni ni kuja kusimama kwenye mlango wa karakana.

"Nikasimama nikamwamkia, 'Shikamoo mama,'" anasimulia Abrahamu. "Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, 'Abrahamu, nani aliyekukataza kazi?' Nikamwambia, mama, hakuna aliyenikataza, nilinyamaza kwa ajili yako. Aliniangalia. Halafu akakaa pale kizingitini akacheka mpaka Wijdan akatoka mbio kudhani kuna msiba mwingine."

Alipomaliza kucheka, alimwamuru afunue spika moja. Abrahamu akaweka wimbo aliokuwa akiupenda marehemu. Bimdogo aliusikiliza wote amesimama, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaingia ndani. Tangu siku hiyo naye ana jozi yake ya hedifoni, iliyopatikana baada ya talaka nyingi, kwa sababu kila alichovalishwa alidai chamchoma, chamtekenya au chamnyima kusikia adhana.

Mirathi ilichelewa kwa shughuli za Marwan, ikasogezwa, ikasogezwa tena, hadi leo. Na leo Abrahamu, pamoja na mzaha wake wote wa asubuhi, hajanywa chai. Mwinyijuma anajaribu kumchangamsha kwa habari za pweza. Fundi anaitikia ndiyo hata pale jibu linapotakiwa kuwa hapana. Amechomeka hedifoni kwenye amplifaya ambayo hajaiwasha.

Adhana ya alasiri imekwisha kitambo mlango wa ukumbini unapofunguka. Wa kwanza kutoka ni sheikh, anawasalimia waliopo na kwenda zake. Anafuata Marwan, mtu mnene mchangamfu mwenye simu mbili mkononi.

"Fundi," anasema, "mama kanishinda. Mimi nimepewa kile cha upande wa pili wa ukumbi. Dirisha nitaligeuza mlango. Wewe utaniwekea muziki dukani, lakini si huu wa wazee."

Abrahamu anasimama, haelewi. Nyuma ya Marwan anakuja Bimdogo, amemshika Wijdan mkono, na yeye ndiye anayeeleza.

Nyumba ina vyumba vinane, ukihesabu na vya uani. Mjane mwenye watoto hurithi thumni, yaani sehemu moja katika nane. Sheikh alieleza kwamba vyumba havilingani thamani, ila warithi wakiridhiana hakuna ubaya, na wote walitarajia Bimdogo atachagua kile anacholala, ambamo aliingia akiwa bibi harusi. Wijdan alikuwa ameshaanza kusema hicho ni cha mama, tuendelee na vingine.

"Nikawaambia subirini," anasema Bimdogo. "Thumni yangu mimi ni chumba cha mbele. Hili nililiweka moyoni edani, nilipodhani amekatazwa kazi. Baadaye nikajua nilikosea, hakukatazwa na mtu. Nikasema basi, nia ni ileile."

Abrahamu anaziweka hedifoni mezani. "Lakini mama, chumba chako unacholala..."

"Kimekwenda kwa Wijdan."

"Mama, si ungechukua chako kwanza? Mimi ni mpangaji tu."

Bimdogo anamkatiza kwa mkono. Hana hasira, ila sauti yake ni ya mtu asiyetaka kurudia.

"Mimi chumbani kwangu nani atanitoa? Nina wanangu. Wewe hapa, Abrahamu, una nani?"

Marwan anatazama simu zake. Mwinyijuma, safari hii bila kusingizia vumbi, anatoa leso. Abrahamu anainama kumshukuru mama wa watu, anaishia kuifuta meza ambayo haina uchafu. Bimdogo anamwambia aache ujinga akanywe chai, anageuka na kurudi ndani taratibu.

Akishakunywa chai, fundi anazungumzia mipango. Anasema sasa anataka kuunda amplifaya moja yenye matundu sita, ili watu sita wasikilize wimbo mmoja pamoja. Alhamisi jioni atawaachia chumba Bimdogo na shoga zake, wanawake waliokulia kwenye taarabu na ambao siku hizi hawana pa kuisikiliza kwa utulivu. Ugumu ni kwamba kila shoga atakuja na sikio lake, na hedifoni sita tofauti kwenye amplifaya moja ni kesi ambayo hajawahi kuihukumu. Anakadiria kabla ya Ramadhani itakuwa tayari.

Anazivaa hedifoni, anazivua tena kabla hajawasha chochote.

"Aliniuliza nina nani," anasema. "Nimeshindwa kumjibu mbele za watu. Kesho asubuhi nikimwamkia, nitamwambia ninaye yeye."